Kopo la Sarafu za Babu

Masomo: Luka 15:8-10 na Mathayo 22:15-22

 

Wengi wenu mmetuuliza swali moja baada ya ibada, tena kwa sauti ya chini: "Mchungaji, hizi sarafu tulizoachiwa na wazee, za wakati wa wakoloni, zina thamani?" Leo tunajibu kwa ushuhuda wa nyumba yetu wenyewe, maana na sisi tulikuwa nazo.

Babu yetu alifanya kazi katika migodi ya dhahabu ya Kilo-Moto wakati wa Wabelgiji. Alimwachia baba kopo la maziwa lenye sarafu 31, na baba akatuachia sisi. Usiku ule tulipokimbia tulisahau vyeti vya shule, tukasahau hata Biblia kubwa ya nyumbani, lakini kopo tulilibeba. Tulilificha chini ya kitanda miaka mingi. Kila ada ya shule iliposhindikana, na kila mgao ulipopunguzwa, tulijiambia moyoni: "Bado kopo lipo." Tunaungama mbele yenu kwamba tuliogopa kuuliza, kwa sababu asiyeuliza haambiwi hapana.

Mwaka jana akaja mtu mmoja akisema sarafu yenye tundu katikati ina zebaki ndani, na tajiri mmoja anainunua kwa mamilioni. Ila kwanza tutoe shilingi laki 2 za kuipima. Ndugu zangu, tulikuwa tayari kumwuza mbuzi! Mama watoto akatuuliza neno moja tu: "Ni mnunuzi gani anayemwomba muuzaji pesa?" Tukanyamaza. Jirani yetu alilipa. Mtu yule hajarudi mpaka leo.

Sasa mtazameni yule mwanamke wa Luka 15. Alijua hesabu yake: sarafu kumi. Ilipopotea moja hakukaa kuota. Aliwasha taa, akafagia, akatafuta kwa bidii mpaka akaiona. Nasi tulikata shauri kuwasha taa juu ya kopo letu.

Kwanza, tulisoma kilichoandikwa. Sarafu husema jina la mtawala, mwaka na nchi. Zile zenye tundu, senti 5 na senti 10 za Afrika Mashariki, ni za shaba tu. Hakuna zebaki ndani. Moja ilikuwa ya mwaka 1936, yenye jina la Edward VIII, mfalme aliyekaa chini ya mwaka mmoja akaacha kiti. Tulishangilia sana! Kumbe zilitengenezwa nyingi mno, na bei yake ni ndogo. Kwa hiyo uzee peke yake hauleti bei. Kinacholeta bei ni uchache, hali ya sarafu na madini yake.

Pili, tuliuliza madini. Shilingi za Afrika Mashariki za kuanzia 1921 hadi 1946 zina robo ya fedha, ile fedha ya pete na mikufu. Kila moja ina karibu gramu 2. Za kuanzia 1948 hazina fedha kabisa, ni shaba na nikeli. Sisi tulikuwa na nne za zamani.

Tatu, tuliuliza zaidi ya mtu mmoja. Kijana wetu alitafuta kwa simu, tukamwambia asiangalie bei ambayo watu wanaomba, bali bei ambayo watu wamelipa. Kuomba hata mwendawazimu anaweza. Tena hatukuzisugua kwa mchanga wala kwa majivu, maana sarafu iliyosuguliwa hupoteza bei yake.

Kisha tukaenda Arua mjini, tukauliza kwa watu watatu. Jumla ya kopo lote haikufika ada ya muhula mmoja ya mtoto mmoja. Tulirudi Koboko ndani ya gari la abiria bila kusema neno. Miaka yote ile tulikuwa tumeegemea ukuta wa majani.

Lakini usiku ule tulishika mkononi sarafu moja ya babu: faranga 2 ya Kongo ya mwaka 1943, ya shaba ya njano, yenye pembe sita na picha ya tembo. Ilitengenezwa Philadelphia, Marekani, wakati wa vita. Tukafikiri: babu alichimba dhahabu, akalipwa shaba. Dhahabu ilikwenda kwa wenyewe, shaba ikabaki kwetu. Je, babu naye alikuwa wa thamani ya shaba?

Hapo tukafungua Mathayo 22. Bwana aliomba aonyeshwa sarafu, akauliza sura ile ni ya nani. Ya Kaisari? Basi arudishiwe Kaisari. Na cha Mungu kirudi kwa Mungu. Wapendwa, nchi hii tunayokaa imeona Kaisari wengi. Kuanzia 1894 ilikuwa chini ya Leopold II wa Ubelgiji. Baada ya kifo chake ikawa chini ya Sudan mwaka 1910. Na mwaka 1914 ikaingizwa Uganda. Kila mmoja alikuja na pesa yake, na kila pesa ilikufa. Wazee wetu wanakumbuka Desemba 1979, Mobutu alipofuta noti za zaire 5 na zaire 10. Mtu alilala na akiba, akaamka na karatasi. Ndugu zetu wa Uganda nao wanakumbuka 1987, shilingi 100 zilipogeuzwa kuwa 1.

Na wewe, siku uliyovuka mpaka, hukujiona kama noti iliyofutwa? Jana mwalimu, leo namba kwenye kadi. Jana mwenye shamba, leo mwenye kupanga foleni. Lakini sura iliyo juu yako si ya Kaisari. Mwanzo 1:27 inatuambia tumeumbwa kwa mfano wa nani. Huyo hafi, hapinduliwi, wala hafuti alichokitia chapa. Babu alilipwa shaba, lakini Mungu hakumhesabu kuwa shaba.

Kwa hiyo, wenye makopo, fungueni. Ulizeni bila hofu. Ikiwa ni kidogo, pokeeni hicho kidogo kwa shukrani, wala msitoe chakula cha watoto kununua ndoto. Sisi tuliuza zile shilingi nne, tukanunua daftari na sabuni. Faranga ya babu tumeiweka, ili watoto wajue walikotoka. Na mbuzi yupo, amezaa wawili.

Tuombe. Baba, tupe ujasiri wa kuujua ukweli wa vitu vyetu, na utukumbushe thamani yetu mbele zako. Katika jina la Yesu, Amina.

Ni sisi, mchungaji wenu na jamaa yake.