Dawa Ikishindwa, Je, Wajibu Umekwisha?

Wako watu waulizao, na swali lao si la kudharauliwa: Mtu akiwa amemeza dawa kwa miaka, amesafiri, ameuza ng'ombe wake ili atibiwe, na ugonjwa ukarudi pale pale ulipokuwa, je, ana wajibu gani tena juu ya mwili wake? Je, si ucha Mungu zaidi kuviacha vidonge na kumwachia Mwenyezi Mungu jambo lote?

Ndugu msomaji, swali la namna hii halijibiwi vizuri kwa maneno ya jumla, maana katika maneno ya jumla kila mtu ni hodari. Basi na tuchukue ugonjwa mmoja tu, ugonjwa wa moyo unaowapata watu wa kwetu zaidi kuliko wengi wanavyodhani.

Moyo wa mwanadamu una vyumba vinne, viwili juu na viwili chini. Moyo ukiwa mzima, vya juu hukaza kwanza, kisha vya chini, kwa zamu isiyokosewa. Katika ugonjwa huu vyumba vya juu havikazi bali hutetemeka tu, na vya chini hupiga ovyo, mara mbio mara kwa kusitasita. Mgonjwa huhisi kitu kinarukaruka kifuani, hukosa pumzi akipanda mwinuko mdogo, na wengine hawahisi lolote. Wala kutetemeka kwenyewe siyo hatari kubwa kuliko zote. Hatari kubwa ni kwamba damu hutuama katika vyumba vile vya juu na kuganda. Na donge likichukuliwa na damu hadi ubongoni, mtu hupigwa na kiharusi. Katika nchi tajiri huu ni ugonjwa wa wazee hasa. Kwetu wazee nao wanao: watafiti walipowapima wazee 2,232 wa Wilaya ya Hai, Kilimanjaro, waliwaona 15 wenye nao. Lakini kwetu huwapata pia vijana na akina mama wenye kuzaa, ambao vali za mioyo yao ziliharibiwa na homa ya baridi yabisi, homa ianzayo utotoni kwa maumivu ya koo yasiyotibiwa.

Sasa chukulia mama mmoja, muuza dagaa katika soko la Nyasho, mjini Musoma. Amepimwa mjini kwake, akapelekwa Bugando, Mwanza, safari ya zaidi ya kilomita 200. Huenda akafikishwa hata Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete iliyoko Dar es Salaam. Ziko dawa za kuurudisha mpigo katika utaratibu wake. Iko njia ya kuushtua moyo kwa umeme. Iko hata njia ya kupitisha mrija katika mshipa na kuunguza sehemu ndogo za ndani ya moyo. Zote hizi huweza kufaulu, na zote huweza kufaulu kwa muda kisha zikashindwa. Siku moja tabibu anamwambia: "Mama, hatutajaribu tena kuurudisha mpigo. Tutapunguza kasi yake tu, na tutaizuia damu isigande." Yeye husikia hivi: "Tumeshindwa, nenda nyumbani." Anarudi Nyasho, na baada ya majuma machache vidonge vinabaki kabatini.

Hapo ndipo yafaa kusimama na kupambanua. Neno "dawa" limefunika mambo mawili yaliyo mbalimbali. Kilichoshindwa ni kuuponya mpigo. Kumlinda mwenye moyo hakukushindwa. Mwaka 2002 yalitolewa matokeo ya uchunguzi wa wagonjwa 4,060 wa Marekani na Kanada. Ikaonekana kwamba waliopunguziwa kasi tu hawakufa zaidi kuliko wale waliopiganiwa mpigo wao urudi. (Uchunguzi mwingine wa mwaka 2020, huko Ulaya, ulionyesha kuwa ugonjwa ukiwa bado mpya, kuupigania mpigo mapema kuna faida. Kwa hiyo mtu asije akalitumia neno langu kukataa matibabu ya mwanzo.) Tena mwaka 2022 yakatoka matokeo ya uchunguzi wa wagonjwa zaidi ya 4,500 wenye mioyo iliyoharibiwa na baridi yabisi, katika nchi 24 za Afrika, Asia na Amerika ya Kusini na ya Kati. Dawa kongwe ya warfarini iliishinda dawa mpya iliyolinganishwa nayo, na waliotumia ile kongwe walikufa wachache zaidi.

Watu husema sokoni kwamba warfarini ni sumu ya panya. Wanasema kweli, ila wanasema nusu yake. Ilianza kuuzwa Marekani kwa kuulia panya mwaka 1948, na mwaka 1955 Rais Eisenhower alipopatwa na ugonjwa wa moyo alitibiwa kwa hiyo hiyo. Vilevile digoksini, ambayo hupunguza kasi ya moyo, ina asili katika mmea wenye sumu ambao tabibu Withering wa Uingereza aliuandikia kitabu mwaka 1785. Kinachoigeuza sumu kuwa dawa ni kipimo, na kipimo amekabidhiwa mwanadamu mwenye akili. Ndiyo sababu anayemeza warfarini hupimwa damu mara kwa mara, na huambiwa asibadilishe ghafula wingi wa mchicha, matembele na kisamvu anavyokula, kwani mboga hizo huibadili nguvu ya dawa.

Lakini ugumu wenyewe haupo katika mboga. Ugumu ni kwamba kidonge hiki hakihisiki. Mama yule akikimeza, moyo wake utaendelea kurukaruka vile vile; kazi yake ni kuzuia jambo lisitokee, na jambo lisilotokea halina wa kulishuhudia. Ni kama mlinzi wa ghala: kila asubuhi mwenye mali huona hakuna kilichoibwa, mwisho humwachisha kazi akisema hamwoni faida yake. Kufanya wema ambao matunda yake yaonekana ni rahisi. Amana hujulikana pale mtu anapoilinda bila kuhisi malipo, na mwili ni amana.

Wako wahubiri wanaomwambia mgonjwa kama huyu azitupe dawa ili aonyeshe imani, na asipopona humwambia imani yake ni haba. Huko ni kumpiga aliyekwisha anguka. Mtume Muhammad s.a.w. alihimiza watu wajitibu, na Bedui aliyetaka kumwacha ngamia wake kwa kutawakali alimwambia amfunge kwanza. Mwanawe Ibrahimu alifariki angali mchanga, naye akamlilia. Je, yuko Mwislamu awezaye kusema kwamba maombi ya Mtume yalikosa imani? Basi kutopona si hukumu juu ya imani ya mtu.

Utauliza: Je, haruhusiwi kamwe kusema "basi"? Anaruhusiwa. Mzee aliyeelezwa kwamba tiba inayofuata itamletea maumivu kuliko nafuu, akaomba abaki na wanawe, hajaiasi amana. Amekataa mzigo ambao hautamfaa. Haya aseme mbele ya tabibu, akiwa na fahamu zake. Kuacha vidonge kimya kimya kwa uchungu wa kutopona ni jambo jingine kabisa.

Jingine ni umaskini. Mwenyezi Mungu hamlazimishi mtu asiloliweza. Muuza dagaa asiye na nauli ya kwenda kupimwa damu hana lawama, wala haifai mwenye shibe kumhubiria subira. Lakini pale uwezo wake unapokoma, wajibu haukomi, bali huvuka ua na kuingia katika nyumba ya jirani. Wewe unayemwombea dua kila Ijumaa, umepata kumwuliza tarehe yake ya kupimwa? Je, unajua kwamba mdomo ukipinda upande mmoja, mkono ukilegea au maneno yakivurugika ghafula, hakuna kungoja hata asubuhi, bali ni kumpeleka hospitali saa ile ile na kuikumbuka saa yalipoanza? Nauli ni ya mtu mmoja. Jirani kumi wakichanga, haifiki bei ya sukari ya juma moja.