Bega Lilikwama, Kadi Haikusema

Mama ninayemsimulia nimemtunga, ila yaliyompata hayakutungwa. Tumweke mtaa wa Sogea, Tunduma, akiwauzia mchele wa Kamsamba madereva wa malori wanaosubiri foleni ya kuvukia Nakonde. Mtoto wake wa kwanza alizaliwa na zaidi ya kilo 4. Kichwa kilitoka, kikarudi nyuma kama cha kobe, mabega yakagoma. Wakunga walihangaika, mtoto akatoka, akalia, na watu wakamshukuru Mungu. Asubuhi mama akaona mkono wa kulia umelala ubavuni, kiwiko kimenyooka, kiganja kimegeukia nyuma.

"Sista, mbona huu mkono hausogei?"

"Utakaa sawa, mama. Uwe unamkanda."

Nyumbani mama mkwe akatoa maelezo yake: jicho la watu. Mtoto akapelekwa kwa mganga wa kienyeji, akachanjwa chale begani. Miezi ikapita hivyo. Kwenye kadi ya mtoto paliandikwa tarehe na uzito, basi. Kwamba bega lilikwama, hakuna aliyeandika, na mama hakujua kwamba ilipaswa kuandikwa.

Mimba ya pili ilipoingia, nesi wa kliniki alimuuliza uzazi uliopita ulikuwaje. Akajibu, "Salama." Alikuwa mkweli kwa jinsi anavyojua yeye: alitoka wodini akiwa hai, na mtoto mikononi. Lakini mwanamke ambaye bega la mtoto lilikwama mara moja yuko kwenye hatari zaidi ya kukwamiwa tena, hasa mtoto akiwa mkubwa au mama akiwa na kisukari. Nesi angelijua kwamba bega la mtoto wa kwanza lilikwama, angemwandikia barua ya rufaa mapema, akajifungulie Vwawa au Mbeya, penye daktari bingwa na chumba cha upasuaji. Badala yake alijifungulia karibu na nyumbani, usiku, mkunga akiwa peke yake. Safari hii mkono wa kushoto ndio uliolegea.

Mishipa ya fahamu inayoendesha mkono hutoka kwenye uti wa mgongo shingoni, hupita chini ya mtulinga na kushuka kwapani. Bega la mbele likinasa nyuma ya mfupa wa kinena wa mama, halafu mtu akavuta kichwa kwa kukipinda upande, mishipa hiyo huvutika. Ikizidiwa huchanika, au hung'oka kabisa kwenye uti. Ulemavu huu umebeba jina la Wilhelm Erb, daktari wa Kijerumani aliyeueleza mwaka 1874. Mkunga aliyefunzwa havuti. Huita msaada, humkunja mama mapaja mpaka yalale tumboni, na mwenzake husukuma kwa kiganja juu kidogo ya kinena. Kukandamiza tumbo kutokea juu, jambo ambalo watu hulifanya kwa pupa, huzidi kulibana bega.

Tusiwaonee wakunga. Mishipa hii huweza kuumia kwa nguvu ya uchungu peke yake, hata mikononi mwa mtu hodari. Kwa hiyo kuna mtoto mwenye mkono uliolegea ambaye hakufanyiwa uzembe wowote, na kuna mwenziwe aliyefanyiwa. Kinachowatenganisha ni maandishi: kichwa kilitoka saa ngapi, mwili saa ngapi, nani aliitwa, hatua gani zilifuatwa. Maandishi hayo ndiyo kinga ya mkunga aliyefanya kazi yake sawasawa.

Wapo waliosoma sana na bado hawakuambiwa hatari inayowakabili. Nadine Montgomery wa Scotland alikuwa mhitimu wa chuo kikuu, mama yake na dada yake wote madaktari. Alikuwa mfupi, mwenye kisukari, na alishaeleza hofu yake kuhusu ukubwa wa mtoto. Daktari hakumwambia kwamba kwa wanawake wenye kisukari uwezekano wa bega kukwama ni kama asilimia 9 hadi 10. Aliona wakiambiwa watataka upasuaji. Tarehe 1 Oktoba 1999 bega likakwama, zikapita dakika 12, na mtoto akabaki na ulemavu wa mkono na wa ubongo. Mama alifungua kesi, akashindwa mara mbili katika mahakama za Scotland. Mwaka 2015 Mahakama ya Juu ya Uingereza ikampa ushindi: mgonjwa ana haki ya kuambiwa hatari ambayo mtu wa kawaida katika hali yake angeiona ni nzito. Hukumu ile hailazimishi mahakama zetu, lakini swali lake linafaa kuulizwa kliniki yoyote ya Tunduma.

Baba wa wale watoto wawili wa Tunduma alipofika kwa wakili, aliombwa karatasi kabla hajamaliza maelezo. Hakuwa nazo. Kwa uzazi wa kwanza ilishapita miaka minne, na wazazi wanaodai fidia kwa uzembe wana miaka 3. Haki ya mtoto mwenyewe haikomi akiwa bado mdogo, ila mashahidi huhamishwa vituo na majalada hupotea. Kituo kikiwa cha serikali, hutangulia notisi ya siku 90, nakala kwa Mwanasheria Mkuu wa Serikali. Malalamiko dhidi ya daktari hupelekwa Baraza la Madaktari Tanganyika, na ya muuguzi au mkunga Baraza la Uuguzi na Ukunga. Mabaraza haya huadhibu, hata kumfutia mtu usajili, lakini fidia ni kazi ya mahakama. Asiye na pesa ya wakili atafute msaada wa kisheria, unaotambuliwa kwa sheria ya mwaka 2017.

Mtoto wa pili sasa ana wiki sita, na kwake muda upo. Wengi wa watoto hawa hupona ndani ya miezi michache wakifanyishwa mazoezi na mtaalamu wa fiziotherapia, ambaye pia humfundisha mama namna ya kuukunja na kuunyoosha mkono nyumbani. Akifika miezi mitatu hajaweza kukunja kiwiko mwenyewe, aonwe na daktari bingwa bila kungoja, kwa maana upasuaji wa mishipa hufaa zaidi ndani ya mwaka wa kwanza. Na kadi yake iandikwe leo hii, kwa mwandiko wa kituo na sahihi: bega lilikwama, mkono wa kushoto.