Usiapie Usichokiona

Ndugu zangu, siku mtakapoitwa kutoa ushahidi juu ya maisha ya mwenzenu, semeni mlichokiona, na msichokiona kiacheni. Nawasihi kwa nguvu zangu zote. Damu ya asiye na hatia haimwagwi na waongo peke yao. Humwagwa pia na watu wema, wacha Mungu, wasiothubutu kumdhulumu jirani hata yai la kuku, lakini waliosaidiwa na wakubwa kukumbuka yale ambayo macho yao hayakuyaona.

Twendeni Farmers Branch, kando ya Dallas, katika jimbo la Texas nchini Marekani. Januari 1998 mama mmoja aliuawa kwa risasi nyumbani kwake. Asubuhi ile jirani alichungulia dirishani, akaona wanaume wawili wakishuka kwenye Volkswagen. Abiria alimweleza kuwa Mzungu mwenye nywele ndefu. Polisi walitaka zaidi ya hayo. Wakamkalisha kituoni, na ofisa ambaye hakuwahi kuifanya kazi hiyo katika upelelezi wowote akamtia katika hipnosisi: legeza mwili, vuta pumzi taratibu, sikiliza sauti yangu tu. Kikao kilipokwisha aliambiwa kwamba mengine yangeweza kumjia kadiri siku zinavyokwenda. Baadaye akaonyeshwa picha, na ya mshukiwa Charles Don Flores ilikuwamo. Hakuichagua. Flores ni Mlatino, na nywele zake zilikuwa fupi.

Ikapita miezi 13. Shahidi akaingia mahakamani, akamwona Flores ameketi mahali pa mshtakiwa, akaapa kwamba ndiye, wala hana shaka naye. Mwaka 1999 Flores alihukumiwa kifo. Mwaka 2016 tarehe ya kumuua ilikwisha kupangwa, mahakama ikaisimamisha zikiwa zimebaki siku chache. Yeye hajaacha kusema kwamba hakuwapo.

Sisimami hapa kumtakasa Flores. Hiyo ni kazi ya mahakama. Nasimama kukilaani kile kiapo. Siku ambayo jambo lilikuwa bichi, shahidi hakumtambua. Zaidi ya mwaka baadaye akawa na yakini. Yakini hiyo ilitoka wapi?

Sikilizeni namna inavyotengenezwa. Shahidi huambiwa awaze kwamba anatazama filamu ya tukio, na kwamba filamu hiyo yaweza kusimamishwa, kurudishwa nyuma, na uso wa mtu kuvutwa karibu. Lakini kichwani mwa mwanadamu hakuna filamu iliyohifadhiwa. Kumbukumbu ni kama mchuzi unaopashwa moto kila siku: kila anayefunua chungu huongeza maji kidogo na chumvi kidogo, na siku ya tatu hata mpishi hawezi kukuambia kipi kilikuwamo tangu mwanzo. Mtu aliyelegezwa akili, aliyeambiwa kwamba jibu limo ndani yake, atalitafuta mpaka alipate. Asipolipata, atalibuni, wala hatajua kwamba amelibuni. Mwaka 1985 Chama cha Madaktari cha Marekani kilitamka hadharani kwamba kumbukumbu zinazotolewa kwa hipnosisi huchanganyika na mambo ya kubuni, na kwamba hazina uhakika zaidi ya zile za kawaida.

Na tazameni ubaya wake mkubwa. Shahidi mwongo huogopa. Wakili akimbana, jasho humtoka, maneno yake hugongana. Lakini huyu aliyepotoshwa kwa nia njema utambanaje? Anasema anachokiamini. Analia machozi ya kweli. Mbele ya jopo la wananchi wanaoamua kesi anaonekana mwaminifu, kwa sababu ni mwaminifu kweli, na uaminifu wake ndio unaomfunga mwenzake.

Wapo watakaonitajia Chowchilla. Julai 1976, huko California, watoto 26 na dereva wa basi lao la shule walitekwa, wakafukiwa ndani ya trela katika machimbo. Walijiokoa wenyewe baada ya saa 16 hivi. Dereva akatiwa katika hipnosisi, akataja namba ya gari iliyokosewa tarakimu moja tu. Sawa! Lakini namba ya gari hupelekwa kwenye daftari la usajili ikapimwa. Tena palikuwa na kitu cha kushikika: rasimu ya barua ya kudai fidia ilipatikana kwenye makazi ya mmoja wa watekaji. Uso wa mtu unaoota kichwani mwa shahidi utaupima kwenye daftari gani?

Wenye masikio walisikia. Mahakama Kuu ya California ilikataa ushahidi wa namna hiyo mwaka 1982, na ile ya Kanada mwaka 2007. Huko Texas, idara ya usalama wa umma iliacha mpango wake wa hipnosisi mwaka 2021, na mwaka 2023 jimbo likapitisha sheria ya kuzuia mahakamani maneno yaliyotolewa katika vikao vya polisi vya aina hiyo. Lakini sheria hiyo haikuwarudia waliokwisha kuhukumiwa. Haki ilifika, wao ikawapita!

Mkumbukeni Susana, katika kitabu cha Danieli kama Wakatoliki wanavyokisoma. Wazee wawili walimshtaki kwamba alizini chini ya mti, na umati ulikwisha kuwaamini. Kijana Danieli aliwatenga, akamwuliza kila mmoja peke yake: ni chini ya mti gani? Hakumdokezea yeyote jibu. Miti ikawa miwili, na mwanamke akaokoka. Hata leo njia hiyo ipo. Katika miaka ya 1980 wanasaikolojia Ronald Fisher na Edward Geiselman walifundisha polisi kumwacha shahidi, akiwa na akili zake zote, asimulie kwa maneno yake mwenyewe bila kukatizwa wala kuelekezwa.

Enyi wapelelezi, ulizeni kisha mnyamaze. Msimwonyeshe shahidi jibu kwa jicho, kwa kikohozi, wala kwa picha moja iliyowekwa juu ya nyingine. Enyi mahakimu, msikubali utambuzi wa macho mpaka kila uwezekano wa kukosea uwe umeondolewa. Katika shauri la Waziri Amani la mwaka 1980, Mahakama ya Rufani ya Tanzania iliagiza hivyo hivyo. Agizo hilo lisilale kwenye vitabu vya sheria. Liamke kila mshtakiwa anapopandishwa kizimbani.

Na wewe unayesoma, unaweza kuitwa kesho. Ofisa atakubembeleza, ndugu wa marehemu watakulilia, mtaa mzima utakuwa umekwisha kumchagua wa kumfunga. Simama palepale. Sema “sikumwona uso,” na ukiulizwa mara kumi, jibu hivyo mara kumi. Huo nao ni ushahidi, na wengine hawana kinga nyingine duniani isipokuwa huo.