Khushui Nje ya Msala



Shukrani zote anastahiki Allah (S.W.), na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), aali zake na maswahaba zake. Amma baad.

Ndugu zangu wanafunzi, mimi nimezaliwa Mucojo, pwani ya wilaya ya Macomia, Cabo Delgado, kwetu sisi Wamwani. Babu yangu alikuwa mshona nyavu. Baada ya swala ya Alfajiri aliketi chini ya mnazi, akasema Bismillahi, akaanza. Kila tundu la wavu alilipima kwa kijiti kabla ya kukaza fundo. Siku moja nilimuuliza, "Babu, samaki atajuaje kama tundu moja limezidi?" Akanijibu, "Samaki atajua, mjukuu wangu. Na asipojua yeye, Mwenyezi Mungu amejua."

Vita vilivyoanza Mocímboa da Praia Oktoba 2017 vilitufikia na sisi. Mwaka 2020 watu wengi wa pwani ile walikimbia kwa vyombo hadi Pemba, wakashukia ufukwe wa Paquitequete. Babu aliacha nyumba na minazi yake. Siku chache baadaye nilimkuta uani kwa jamaa zetu, ameshika wavu wa mtu mwingine, anapima matundu kwa kijiti kipya. Huzuni alikuwa nayo, na usiku alilia. Lakini saa ile ya kazi uso wake ulikuwa na utulivu uleule niliouzoea akiwa katika swala.

Katika Surat Saba, aya ya 10 na 11, Allah (S.W.) anatueleza kuwa alimlainishia Nabii Dawud (A.S.) chuma, akamwamuru atengeneze nguo za vita na avipime sawasawa viungo vyake. Papo hapo akaamrisha kutenda mema, na akakumbusha kuwa Yeye anayaona yote yatendwayo. Tazameni, ndugu zangu: kipimo cha kiungo cha chuma kimetajwa pamoja na amali njema! Basi ile ihsani ya kumuabudu Allah kama unayemuona haiishii kwenye msala.

Sasa nijiseme mwenyewe. Nafungua kitabu, na ukurasa haujaisha mkono umeshafika kwenye simu. Jioni nimechoka, wala sioni nilichofanya. Katika Surat An-Nahl, aya ya 92, tumekatazwa kuwa kama mwanamke aliyeufumua uzi wake baada ya kuusokota ukawa imara. Aya hiyo inahusu viapo na ahadi. Je, sisi hatuna ahadi kwa wazazi waliojinyima ili tusome?

Ndugu yangu, jaribu wiki hii. Ukishaswali Alasiri, iache simu kwa mwenzako, tia nia kwa ajili ya Allah, ukae na somo moja hadi adhana ya Magharibi. Usiulize kama litatoka kwenye mtihani. Pima tundu lililo mkononi mwako, kaza fundo, nenda kwenye linalofuata. Utainuka umechoka mwili, lakini moyo umetua, hata kabla matokeo hayajatoka.

Ewe Mola wetu, tujaalie ikhlasi katika kazi zetu, na uwarudishie watu wa Mucojo amani, nyumba zao na bahari yao. Aamin.