Wiki Moja Bila Kuvuja

Tangi la samaki ninalouziwa limepigwa jua miaka minne. Linabeba lita 200, yaani kilo 200 za maji zikisukuma vioo vilivyoshikwa na silikoni tu, nayo pembeni inabanduka kwa kucha. Silikoni mpya haishiki vizuri juu ya kuukuu. Ni kukwangua yote. Kisha nilijaze uani wiki nzima. Lisipovuja, nitajua kwamba wiki hiyo halikuvuja, basi. David Hume alishalisema hilo. Kinachonisumbua ni kingine: nani analipa nikikosea? AquaDom ya Berlin, iliyokuwa imekarabatiwa, ilipasuka alfajiri ya Desemba 16, 2022. Samaki wapatao 1,500, karibu wote walikufa. Mimi ninaokoa pesa. Jirani wa ghorofa ya chini hajaulizwa. Nitalinunua, ila nilelee vifaranga.