Kupiga Moyo Konde

Atafutaye katika kamusi jina la mji wa Konde, kaskazini ya Pemba, ataona kuwa konde ni shamba, na konde pia ni ngumi. Kwa ngumi hiyo Waswahili wameunda nahau: kupiga moyo konde, yaani kujikaza mbele ya hofu. Mwingereza, katika hali hiyo, huambiwa achukue moyo. Mfaransa huushika ujasiri wake kwa mikono miwili. Kusudio lao ni moja, lakini je, hukumu yao ni moja? Hao wawili hutwaa kilichokwisha kuwapo. Mswahili hupigana, na mpinzani wake ni moyo wake mwenyewe. Kwetu sisi, basi, shujaa na mwoga huogopa sawasawa. Kinachowatenga ni lile konde.

Kwa hiyo, afasiriye nahau ya kigeni neno kwa neno hakopi maneno matupu, bali hukopa na hukumu iliyomo. Naye aachaye nahau ya wazee wake kwa kuiona ya kishamba hutupa mafunzo pamoja na maneno. Tujifunze lugha za wenzetu, tuzipime na yetu. Ila tusiazime kwa jirani kilichomo nyumbani.