Je, Kufungua Kufuli la DVD Uliyoinunua ni Wizi?



Ndugu zangu wasomaji, likizo iliyopita nikiwa nyumbani Giheta, shangazi yangu anayeishi Ubelgiji alituletea DVD nne za darsa za sira. Zilikuwa halisi, amezinunua dukani kwa pesa ya jasho lake. Baada ya sala ya Isha familia ikakusanyika, nikaingiza ya kwanza katika kompyuta yangu ya zamani inayotumia Linux. Diski ikazunguka, ikanguruma, kioo kikabaki cheusi. Kijana wa jirani akacheka: "Kaka, ungenunua ya sokoni ingecheza!" Akaleta nakala yake ya filamu, isiyo na ruhusa ya yeyote. Ikacheza mara moja.

Nikaanza kutafuta ugonjwa. Niliifuta diski kwa kitambaa laini, kutoka katikati kwenda ukingoni, haikusaidia. Nikafungua orodha ya mafaili, nikaiona folda ya VIDEO_TS na vyote vilivyomo. Basi diski inasomeka, ila picha imefungwa. DVD nyingi za biashara hufungwa kwa kufuli liitwalo CSS, na mifumo mingi ya Linux haiji na ufunguo wake, kwa sababu sheria za baadhi ya nchi zinaukataza. Tena dunia imegawanywa kanda: nchi nyingi za Ulaya zimo kanda ya 2, sisi Burundi tumo kanda ya 5. Kisomeo cha DVD kwa kawaida hukubali kubadilishwa kanda mara 5 tu.

Dawa nayo ipo. Kwenye Ubuntu au Debian, ukiwa na intaneti, unaandika sudo apt install libdvd-pkg, kisha sudo dpkg-reconfigure libdvd-pkg. Baada ya hapo VLC mara nyingi hucheza. Kisomeo kikigoma kwa ajili ya kanda, kuna programu ya regionset. Nilikuwa karibu kubonyeza, mama akauliza: "Mwanangu, kufuli hilo aliliweka nani, na nani kakuruhusu kulifungua?"

Swali hilo lilininyima usingizi.

Haki ya mtunzi si jambo la kupuuza. Baraza la Kimataifa la Fiqhi, katika kikao chake cha Kuwait mwaka 1988, liliamua kwamba haki za utunzi na uvumbuzi zinalindwa na sharia, na haifai kuzivamia. Burundi nayo ina sheria ya haki za mtunzi ya mwaka 2005. Lakini wanazuoni wetu hutufundisha pia kwamba mauziano humpa mnunuzi manufaa ya kitu, na sharti linalopingana na lengo lenyewe la mkataba halina nguvu. Aliyekuuzia nyumba hawezi kubaki na ufunguo.

Mwaka 1999 kijana wa Norway, Jon Lech Johansen, alishiriki kutoa programu ya kufungua kufuli hilo. Alishtakiwa, na mwaka 2003 mahakama zikamwachia huru mara mbili: mtu kutazama DVD aliyoinunua kihalali si kosa. Marekani, kwa sheria yake ya 1998, ilishika njia nyingine. Basi sheria za nchi zinatofautiana, nasi tunahitaji kipimo cha moyoni.

Kipimo changu ni hiki: nikishafungua, je, mwenye haki amepoteza kitu kilicho chake? Nikitazama diski niliyopewa, hakupoteza chochote, amekwisha kulipwa. Nikainstali, tukatazama, mama akaridhika.

Mtihani ulikuja chuoni. Wenzangu kumi na wawili waliniomba niwawekee darsa zile kwenye flashi. "Ni elimu ya dini," walisema, "elimu haifungwi." Hoja nzito, hasa kwetu tusio na pesa ya kununua diski za Ulaya. Lakini kufuli la chuma lilipoondoka, lililobaki ni amana tu, na hapo ndipo mtu hujulikana. Tukumbuke pia: VLC, iliyoanzishwa na wanafunzi wa École Centrale Paris mwaka 1996, tunaipata bure kwa sababu watunzi wake wameamua hivyo, kwa leseni yenye masharti. Katika Kirundi, kitu cha ku buntu ni kile ambacho mwenyewe amekitoa kwa ukarimu. Ukikichukua bila yeye kutoa, si ubuntu tena.

Basi sikunakili. Niliwaalika chumbani Ijumaa jioni, tukatazama pamoja, kumi na watatu mbele ya kioo kimoja, na tumewaandikia wachapishaji kuomba ruhusa ya nakala.

Mimi si mufti. Nikikosea, mashekhe wanisahihishe. Lakini kila mmoja wetu ajiulize, mkono ukiwa juu ya kibodi: ninafungua changu, au ninachukua cha mwenzangu?

Wabillahi tawfiq.